Maziwa ya kopo na mgongo wa mama



Kila mara familia zinaporudi kutoka Nyarugusu, swali ni lile lile: juu ya nini shirika halipokei maziwa ya poda ya watoto wachanga? Jibu liko katika historia yetu.

Zamani, sehemu nyingi za Kongo, mama alinyonyesha miaka miwili, hata mitatu. Muda ule hakulala na bwana yake. Wengine walirudi kwanza kwa wazazi wao. Njo maana watoto walikuwa wanaachana vizuri.

Wabeleji waliona mambo tofauti. Waliogopa kwamba watu wanapunguka na kazi itakosa mikono. Mwaka 1912 walianzisha Ligi ya kulinda watoto weusi, kisha wamama wa kizungu wakafungua vituo vilivyoitwa «Goutte de lait», ni kusema Tone la Maziwa. Jina lilitoka Ufaransa, ambako daktari Léon Dufour alifungua kituo chake Fécamp mwaka 1894. Kule lilikuwa na maana: watoto wengi walikuwa wanakufa juu ya maziwa machafu ya chupa. Lakini mtoto wa kwetu alishinda mgongoni mwa mama, ziwa liko karibu. Walituletea dawa ya ugonjwa wa kwao.

Katanga, Union Minière ilianza miaka ya 1920 kukalisha wafanyakazi pamoja na bibi zao. Katika kambi zake watoto walipimwa uzito, walipewa uji na maziwa, na wamama walisukumwa waachishe mapema, kusudi wapate mimba ingine haraka. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika juu ya hiyo mambo mwaka 1988. Si yote yalikuwa mabaya. Mizani tunaitumia mpaka leo.

Miaka ya 1930, huko Ghana, daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa ambao Waga wanaita kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amekuja. Sisi Kivu tunasema bwaki. Waga walikuwa wameshaweka sababu ndani ya jina, mbele daktari afike.

Leo Shirika la Afya Duniani linasema ziwa peke yake miezi 6, kisha kuendelea mpaka miaka 2 na zaidi. Mwaka 1981 lilipitisha sheria za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo. (Bibi zetu hawakuandikiwa barua ya pole.)

Sasa, mama anayerudi Fizi anachota maji mtoni na kuni ni za kutafuta. Chupa ataichemshaje? Na kopo likiisha, ziwa lake limekauka. Kwa hiyo, wafadhili wetu, tunaomba chakula cha mama mwenyewe: maharagi, mafuta, samaki, na ndoo yenye kifuniko na sabuni. Mtoto aliyefiwa na mama yake tunampeleka kwa centre ya afya. Huko muuguzi njo ataamua kama anahitaji maziwa, na ya namna gani.