Siri ya Pikipiki za Cc 400 Kutoka Japani

Zile pikipiki za mtumba za cc 400 kutoka Japani, hiyo namba haikuja kwa bahati. Mwaka 1975 Japani ilibadili leseni: anayetaka kuendesha zaidi ya cc 400 akatakiwa kufanya mtihani wa vitendo ambao ulikuwa balaa, watu walifeli mara kibao. Vijana wakabaki kwenye 400, viwanda navyo vikawafuata hukohuko. Honda ikaleta CB400 Super Four mwaka 1992, silinda nne kwenye injini ndogo! Mwaka 1996 shule za udereva zikaruhusiwa kufundisha pikipiki kubwa, kamba ikalegea, ila Super Four iliendelea kutengenezwa mpaka 2022.

Halafu kuna ukaguzi. Kule, pikipiki inayozidi cc 250 inakaguliwa kila miaka miwili baada ya ile mitatu ya kwanza, na ni hela. Mwenyewe akichoka kulipia, anaiuza au anaitupa stoo.

Hapo ndipo dereva mpya anapopigwa. Kilomita chache, rangi inang'aa, kumbe imelala miaka. Super Four za zamani zina kabureta nne, na petroli ikilala humo inaganda na kuziba njia. Injini inawaka kwa choki tu, ukiirudisha inazima. Tairi nazo: zile tarakimu 4 za tarehe ubavuni ni wiki na mwaka, 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Kashata zinaweza kuwa nzima huku mpira umekakamaa.

Na injini ikutwe ya baridi. Muuzaji akiwa ameshaiwasha kabla mteja hajafika, aulizwe kwa nini.