Uteuzi wa Maneno ya Usaili: Kijana wa Eastlands na Tamthilia ya Kiswahili

Historia ya tamthilia nchini Kenya aghalabu huelezwa kwa kutaja kumbi na waandishi. Ni nadra kutajwa yale maneno ambayo kijana anayetaka kusomea uigizaji hana budi kuyateua, kuyahifadhi na kuyatamka peke yake mbele ya wasaili. Hata hivyo, uteuzi huo unadhihirisha suala kubwa: lugha ya jukwaani ni ya nani?

Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza ulifunguliwa Nairobi mwaka 1952, chini ya utawala wa kikoloni, na Kiingereza kikatawala jukwaani humo kwa miaka mingi. Wakati huohuo, katika mitaa ya Eastlands kama vile Pumwani, ulioanzishwa mapema katika miaka ya 1920, na Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, watu wa makabila mbalimbali walielewana kwa Kiswahili. Shule ya uigizaji ilipoanzishwa katika Ukumbi huo mwishoni mwa miaka ya 1960, chini ya Seth Adagala, kijana wa mitaa hiyo hakukosa lugha. Alichopungukiwa ni maandishi.

Pengo hilo lilianza kuzibwa kutoka Tanzania. Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, akaisahihisha mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Mwaka huohuo ilitoka *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein.

Tamthilia hizi zinadai matayarisho tofauti. Hotuba ya Antoni mbele ya maiti ya Kaizari imekamilika yenyewe, nayo huelekezwa kwa umati. Anayeitayarisha yampasa kujua ni wapi umati unapogeuka, na asiyaache mapigo ya shairi yafunike maana. Kinjeketile, kinyume chake, mwishoni mwa mchezo anajibizana na Kitunda, naye anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Hapa msailiwa hulazimika kuziunganisha kauli za mhusika, huku akimwona mwenzake asiyekuwapo. Anayepaza sauti kama mhutubu huipoteza shaka iliyomo, na shaka hiyo ndiyo uzito wa kauli.

Matamshi ya Kaloleni si ya Kilwa. Lakini hiyo si aibu ya kufichwa. Ni msingi ambao juu yake usanifu hujengwa. Kijana anayeigiza sauti ya mtu wa pwani, au ya Mwingereza, huwa na majukumu mawili kwa mara moja, na lile la mhusika ndilo linaloachwa.