Davisville: Kambi Iliyomgeuza Fundi Kuwa Askari

Kambi ya Davisville, iliyojengwa kando ya Ghuba ya Narragansett katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, hutajwa zaidi kwa shehena za vifaa vya ujenzi zilizotoka huko kwenda vitani, ingawa kilichoizaa hasa ni swali la kisheria: fundi raia anayejenga uwanja wa ndege katika uwanja wa mapambano ana hadhi gani adui anapomfikia?

Swali hilo lilipata jibu chungu katika kisiwa cha Wake, Bahari ya Pasifiki, ambako raia wapatao 1,100 walioajiriwa na makandarasi walikuwa wakijenga kambi ya jeshi la wanamaji la Marekani wakati Wajapani waliposhambulia Desemba 1941. Kwa sheria za vita za wakati ule, raia aliyeshika bunduki bila kuwa askari aliweza kunyimwa haki za mateka wa vita na kuuawa kama mhalifu, hivyo kumpa silaha ajilinde kulikuwa sawa na kumhatarisha zaidi. Kisiwa kilianguka tarehe 23 Desemba, na wafanyakazi 98 waliobakizwa huko kwa kazi za kulazimishwa waliuawa Oktoba 1943.

Siku tano tu baada ya Wake kuanguka, Admirali Ben Moreell, mkuu wa idara iliyosimamia ujenzi katika jeshi la wanamaji, aliomba kuunda vikosi vya mafundi walioapishwa kuwa askari, akapewa kibali tarehe 5 Januari 1942. Herufi C na B, ambazo ni kifupi cha jina la Kiingereza la vikosi hivyo, zikitamkwa pamoja husikika kama “Seabee”, yaani nyuki wa baharini, na mfanyakazi raia wa Rasi ya Quonset, jirani na Davisville, Frank Iafrate, aliwachorea nembo ya nyuki mwenye kofia ya baharia, aliyebeba bunduki pamoja na spana na nyundo. Walioandikishwa mwanzoni hawakuwa vijana wa kufundishwa kazi, bali maseremala, waashi, mafundi umeme na madereva wa matingatinga wenye umri wa wastani wa miaka 37, ambao walichokosa ni mafunzo ya kijeshi peke yake. Hayo waliyapata Davisville, katika Kambi ya Endicott iliyofunguliwa mwaka 1942, ambako zaidi ya watu 100,000 walipitia.

Rasi hiyohiyo ndiyo iliyolipa jina banda la Quonset, lililobuniwa mwaka 1941 kwa kuboresha banda la Kiingereza la Nissen lililotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Umbo lake ni la pipa lililopasuliwa katikati na kulazwa kifudifudi: matao ya chuma yamepangwa kama mbavu, juu yake mabati yenye mikunjo, ndani sakafu ya mbao, ukubwa wa awali ukiwa futi 16 kwa 36. Ubora wake ulikuwa katika kufungashika, kwa sababu sehemu zote zilipangwa melini bila kula nafasi, na watu wachache waliweza kulisimamisha kwa siku moja, likawa bweni, hospitali, jiko au kanisa kadiri ya haja.

Baada ya vita kambi ilififia, ikafufuliwa mwaka 1951 wakati wa vita vya Korea, na mwaka 1955 ndipo kilipokusanyika kikosi maalumu kilichokwenda kujenga kituo cha McMurdo katika barafu ya Antaktika, kazi ambayo kwa haki inastahili kuwekwa sambamba na zile za vita. Kambi ilifungwa kabisa mwaka 1994. Eneo lake sasa ni la viwanda, na katika gati la Davisville meli hushusha magari yanayoagizwa kutoka ng’ambo.