Nyamira, Kisii na grafu zisizolingana

Leo tuongee juu ya kitu kidogo kinachosumbua watu wengi wa ofisini: kuweka ukubwa kamili wa grafu kwenye lahajedwali.

Tuchukue mfano wa Gusii. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 598,252 Nyamira na 1,152,282 Kisii. Ile ya 2019 ikapata 605,576 na 1,266,860. Sasa chora grafu mbili, kila kaunti na yake, zote zianzie 0 na kuishia 1,400,000. Halafu ivute ya Nyamira kwa kipanya hadi iwe ndefu mara mbili. Nguzo ya 2019 ya Nyamira itakaribia kabisa kuifikia ile ya Kisii! Namba hazijabadilika, ila jicho limeshadanganyika. Na si jambo la mzaha. Kaunti zilipoanza kazi 2013, fomula ya kwanza ya kugawana pesa za serikali iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45.

Zamani tatizo hili halikuwepo. William Playfair alipochapisha grafu zake London mwaka 1786, ukubwa ulichongwa kwenye bamba la shaba, basi. VisiCalc ya 1979, programu ya Dan Bricklin na Bob Frankston, haikuchora grafu. Lotus 1-2-3 ya 1983 ilichora, lakini grafu ilijaza skrini nzima, na kuichapisha ulifungua programu ya pembeni, PrintGraph, ukachagua ukubwa huko.

Baadaye grafu ikahamia juu ya jedwali lenyewe, na hapo kipanya kikatawala. Watu wakavuta pembe kwa kukadiria. Waliojua kuandika programu walitumia mstari kama huu, ambao bado unafanya kazi kwenye Excel:

ActiveSheet.ChartObjects(1).Width = 340

Hizo ni pointi. Inchi moja ni pointi 72, kwa hiyo 340 ni kama sentimita 12. Excel 2007 ndiyo iliyoweka visanduku vya urefu na upana mbele ya kila mtu, kwenye kichupo cha Format. Upande wa programu huria, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitupatia Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux. Kwenye LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, bofya grafu mara moja, bonyeza F4, andika sentimita zako.

Mbona basi ukubwa unabadilika hata baada ya kuuweka? Kwa kawaida Excel huifunga grafu kwenye seli mbili: moja ya pembe ya juu kushoto, nyingine ya chini kulia. Ukipanua safu wima iliyo kati yake, na grafu inapanuka. Dawa ni kuingia kwenye sifa za grafu na kuchagua isisogee wala kubadilika pamoja na seli.

Kwa hiyo ukiandaa ripoti ya kulinganisha kaunti, fanya mambo matatu: mhimili mmoja kwa grafu zote, vipimo vilevile vilivyoandikwa kwa namba, na grafu zifunguliwe kutoka kwenye seli. Kipanya kiache kazi ya kubofya tu.