Watu Waliosimama Pamoja na Kasisi wa Worcester



Kumzuru mgonjwa ni wajibu unaojulikana na kila chama cha kusaidiana. Walakini yuko mgonjwa ambaye watu humkwepa, naye ni yule aliyeugua akili. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza habari za watu waliojenga huduma ya kasisi katika hospitali ya wagonjwa wa namna hiyo huko Marekani, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts. Maana historia yao yatufunza jinsi kazi hii isimamavyo.

Kiongozi wake alikuwa Anton Boisen, aliyezaliwa mwaka 1876. Alisomea elimu ya misitu, kisha uchungaji. Mwaka 1920 alishikwa na ugonjwa wa akili, akalazwa hospitalini hadi mwanzoni mwa mwaka 1922. Humo aliona jambo lililomchoma moyo. Madaktari hawakuwa na ujuzi wa mambo ya dini. Nao wachungaji waliokuja kuhubiri siku ya Jumapili hawakuyajua matatizo ya wasikilizaji wao. Baina ya hao wawili, mgonjwa alibaki peke yake. Boisen akakata shauri kwamba, akipona, atarudi kuwatumikia wenzake.

Lakini ni nani angempa kazi hiyo mtu aliyetoka kuugua akili? Aliyemfungulia mlango ni Dk. William Bryan, mkuu wa Worcester State Hospital, aliyemweka kuwa kasisi mwaka 1924. Yasemekana kwamba alipolaumiwa kwa kumwajiri kasisi, Bryan alijibu kuwa hata tabibu wa farasi angemleta, kama angewafaa wagonjwa wake.

Wa pili ni Dk. Richard Cabot wa Boston, ambaye mwaka 1905 alikuwa ameanzisha kazi ya ustawi wa jamii katika Massachusetts General Hospital. Yeye na Boisen hawakupatana katika jambo kubwa. Boisen aliamini kwamba baadhi ya magonjwa ya akili ni mapambano ya nafsi inayotafuta kujitengeneza. Cabot alishika kwamba chanzo chake ni mwilini. Hata hivyo Cabot aliitegemeza kazi kwa fedha na kwa jina lake, kwa kuwa waliafikiana kwamba mchungaji hana budi kujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa.

Katika kiangazi cha mwaka 1925 walikuja wanafunzi wanne wa kwanza. Hawakukaa darasani tu. Walifanya kazi wodini kama wahudumu wengine, na Boisen akawafundisha kumsoma mtu kwa uangalifu uleule wa kusoma kitabu. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Helen Flanders Dunbar. Mwaka 1930 lilipoundwa baraza la kueneza mafunzo hayo, yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake.

Mwaka huohuo ugonjwa ulimrudia Boisen. Cabot hakukubali aendelee kuyaongoza mafunzo, na hapo kazi ilijaribiwa kwelikweli. Lakini haikuanguka, kwa sababu wanafunzi walikuwa wamekwisha kuishika. Naye Boisen hakutupwa: mwaka 1932 alihamia Elgin State Hospital, jimbo la Illinois, akaendelea kuwa kasisi wa wagonjwa. Alifariki mwaka 1965, na mafunzo ya makasisi ndani ya hospitali yamekwisha kuenea katika nchi nyingi.

Ndugu zetu, twajifunza mawili. Tunapochagua wajumbe wa kuwazuru wagonjwa, tusimpite aliyewahi kuugua mwenyewe. Aijua njia ambayo wengine twaisikia tu. Tena, mzigo huu tusimtwike mtu mmoja. Aweza naye kuugua, na siku hiyo atahitaji wa kuishika kazi, na wa kumzuru yeye.