Bunduki ya Juu ya Mlango

Umeiona kwenye filamu za macowboy. Jamaa wa kofia pana anashusha mkono, anaupandisha, klak-klak, na kabla hujapepesa jicho risasi nyingine iko tayari. Ile pete ya chuma inayozunguka triga ndiyo wenzo. Ukiusukuma mbele, ganda la risasi iliyotumika linaruka nje na nyundo inajikoki. Ukiurudisha, risasi mpya inasukumwa mahali pake. Ni mkono wako tu unaofanya kazi.

Filamu zimetuzoesha kuiona juu ya farasi. Lakini bunduki hii ilikaa pia ndani ya nyumba, kwenye vigingi viwili ukutani karibu na mlango, ikingoja usiku mbaya. Ukiisoma historia yake ukiwa umesimama hapo mlangoni, stori inabadilika kabisa.

Anza na mtu wa mashati. Oliver Winchester hakuwa fundi wa silaha, alikuwa na kiwanda cha mashati mjini New Haven. Mwaka 1855 alitia pesa kwenye kampuni iliyoitwa Volcanic, ambayo bunduki yake ilitumia risasi zilizobeba baruti tumboni mwake zenyewe. Wazo zuri, nguvu hakuna. Kampuni ikayumba, Winchester akaichukua, na fundi wake Benjamin Tyler Henry akapata hataza mwaka 1860 ya kitu kilichofanya kazi kweli: bunduki ya wenzo yenye risasi 16 ndani ya bomba chini ya mtutu.

Fikiria maana yake. Wakati huo askari wa kawaida alimimina baruti mdomoni mwa bunduki, akashindilia risasi kwa fimbo, akafyatua, akaanza upya. Akiwa hodari sana, mara tatu kwa dakika. Henry ilimaliza risasi zake zote 16 kabla huyo hodari hajafika ya tatu. Shida ilikuwa bei. Iliuzwa zaidi ya dola 40, na askari wa kawaida wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe alianza kwa kulipwa dola 13 kwa mwezi. Miezi mitatu bila kula, bila kutuma kitu nyumbani. Ndiyo maana zilitengenezwa kama 14,000 tu, na baadhi ya wanajeshi walizinunua kwa pesa zao wenyewe.

Mwaka 1866 kampuni ikaitwa Winchester, na bunduki ikarekebishwa. Ikapata kidirisha pembeni cha kuingizia risasi, na ubao chini ya mtutu ili mkono usiungue. Zikafuata zile za 1873, 1892 na 1894, na hizi mbili za mwisho zilichorwa na John Moses Browning. Ya 1894 pekee ilikuja kuuzwa zaidi ya milioni saba.

Sasa chukulia ni miaka ya tisini ya karne hiyo, una nyumba ya mbao huko Tennessee na pesa ya kununua moja tu. Unachagua ipi?

Kwanza, risasi. Ile ya 1873 ilipendwa kwa sababu ya kawaida kabisa: kuanzia 1878 Colt waliuza bastola inayotumia risasi hiyohiyo, kwa hivyo boksi moja lililisha silaha mbili. Ya 1892 ilikula risasi hizohizo, lakini ilikuwa nyepesi na imara zaidi. Ile ya 1894 ilipopata risasi mpya za baruti isiyo na moshi, mwaka 1895, kila mwindaji aliitaka. Ilikuwa na nguvu ya kumwangusha paa mbali sana. Lakini nyumba si msitu. Risasi ya nguvu hivyo haiishii kwenye ukuta wa mbao, inaupita na kwenda kumtafuta jirani kitandani mwake. Ukiniuliza mimi, kwa nyumba ile risasi dhaifu ya kizamani ilikuwa na akili zaidi, ingawa nayo ilikuja na taabu yake. Baruti nyeusi ndani ya chumba kilichofungwa inatoa moshi mzito, ukishafyatua mara mbili tatu huoni hata mkono wako.

Pili, urefu. Bunduki kamili ya 1873 ilikuwa na mtutu wa inchi 24 na kubeba risasi 15. Karabini ilikuwa na inchi 20 na risasi 12. Shambani hizo inchi nne si kitu. Mlangoni, gizani, ukigeuka katika kijia chembamba, inchi nne ndizo zinazogonga fremu ya mlango na kutangaza uko wapi. Unapoteza risasi tatu, unapata nafasi ya kugeuka. Waliojua nyumba zao walichukua fupi.

Kisha kuipanga. Ndani ya lile bomba risasi hulala kwa foleni, pua ya moja ikigusa kitako cha nyingine, pale hasa penye kiwashio. Kwa hivyo risasi zake zilikuwa na pua bapa. Ukiweka yenye ncha kali, mshtuko wa kufyatua mara moja unaweza kuwasha foleni nzima karibu na uso wako. Bomba lilijazwa, lakini chemba iliachwa tupu, kwa sababu zile za zamani hazikuwa na kitufe cha usalama. Kulikuwa na pengo dogo la kusimamisha nyundo katikati, basi, na nyumbani kuna watoto. Usiku ukiharibika, wenzo mara moja na iko tayari. Hiyo klak-klak pia mtu aliye nje anaisikia.

Wakati mtu aliye ndani ana risasi moja, kundi lililo nje linaweza kungoja aitumie, kisha likaingia. Akiwa na 12, kila mmoja pale nje anaanza kujiuliza kama ndiye wa kwanza. Bunduki ya wenzo ilibadilisha hesabu kati ya nyumba moja na kundi la watu. Ndiyo sababu swali la nani aruhusiwe kuwa nayo lilikuwa zito kuliko swali la bei.

Mississippi waliona hilo mapema. Vita vilikwisha 1865, na Novemba ya mwaka huohuo jimbo likapitisha sheria kwamba mtu mweusi asiye mwanajeshi asiwe na bunduki ya aina yoyote bila leseni. Leseni ilitolewa na akina nani, unaweza kukisia.

Kesi ya nyumba kulindwa kwa bunduki hizi ambayo watu wengi wameisikia bila kuijua ni ile ya Juni 1876, pale Little Bighorn. Tulifundishwa kuiita vita vya Custer. Lakini ni Custer aliyekivamia kijiji, mahema ya Walakota na Wacheyenne, wanawake na watoto wakiwa ndani. Askari wake walikuwa na karabini za kufyatua risasi moja moja. Wenyeji, pamoja na pinde na bunduki kuukuu, walikuwa na Henry na Winchester. Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za eneo hilo, wanaakiolojia wakaingia, na maganda ya risasi waliyoyaokota yalisema hivyohivyo. Zaidi ya wanajeshi 250 walikufa. Kijiji kilishinda siku hiyo. Ndani ya mwaka mmoja hivi wengi wa waliokilinda walikuwa wamelazimishwa kusalimu amri, na silaha zao kuchukuliwa.

Halafu Memphis, 1892. Thomas Moss alikuwa tarishi wa posta na mmoja wa wenye duka la People's Grocery, duka la watu weusi lililokuwa likimnyang'anya wateja mzungu mmoja jirani. Kukawa na ugomvi, kukawa na vitisho. Usiku wa Machi 5 wanaume wenye silaha, bila sare, walikuja dukani. Waliokuwa wakililinda wakafyatua na kuwajeruhi watatu. Kumbe walikuwa wasaidizi wa sherifu. Moss na wenzake Calvin McDowell na Will Stewart wakatiwa jela. Machi 9, kabla hakujapambazuka, kundi la watu wapatao 75 likawatoa jela na kuwapiga risasi nje ya mji.

Rafiki yao alikuwa Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyezaliwa mtumwa hukohuko Mississippi mwaka 1862. (Chuo kilimfukuza. Sisi tulioacha chuo tunapenda kuwakumbusha watu hilo.) Alinunua bastola, akaendelea kuandika, na Mei gazeti lake likavunjwavunjwa akiwa safarini. Baadaye mwaka huohuo alichapisha kijitabu chake, Southern Horrors, na ndani yake akaandika kwamba kila nyumba ya mtu mweusi inapaswa kuipa Winchester nafasi ya heshima. Alitaja Jacksonville na Paducah, ambako watu weusi walijihami na kundi la wauaji likashindwa kufanya lilichokusudia.

Hakusema bastola, wala bunduki tu kwa jumla. Alisema Winchester. Nadhani alikuwa anapiga hesabu ileile ya mlangoni: mmoja ndani, sabini na tano nje.

Lakini pia ni yeye aliyejua kuliko wote kwamba wale watatu wa Memphis walikuwa na silaha, walilinda mali yao, na ndicho kisingizio kilichowaua. Kwa hivyo usimgeuze bango la kuuzia bunduki, kama wengine wanavyofanya siku hizi. Katika maandishi yake Winchester inakaa pamoja na kugomea mabasi ya reli ya mjini, kuhama, na kuchapisha ukweli. Maelfu walihama Memphis. Duka la Moss likaenda kwa bei ya kutupa, na lile la mshindani wake likabaki.

Bunduki hiyo ilifika kwetu pia, lakini haikuja kulinda nyumba. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Kati ya silaha zao kulikuwa na Winchester ya 1895, ya wenzo bado, ila risasi zake zilikaa kwenye kisanduku badala ya bomba. Roosevelt aliisifu sana kwa simba. Baba na mwana waliua wanyama 512.

Hapa Winchester haikuota mizizi. Bunduki za Kiingereza ndizo zilizozoeleka, lakini kanuni ya mlangoni ilikuwa ileile ya Mississippi. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, walowezi walikula chakula cha jioni bastola ikiwa kando ya sahani. Kwa Mwafrika, kupatikana na silaha au hata risasi bila idhini kukawa kosa la kunyongwa. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa miaka hiyo, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua. Mamia walihukumiwa kwa kupatikana na silaha au risasi. Dedan Kimathi mwenyewe hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Alishtakiwa kwa bastola moja na risasi sita, akanyongwa Februari 1957.

Wapiganaji wengi hawakuwa hata na hiyo bastola. Mafundi wa msituni walijitengenezea. Mtutu ulikuwa kipande cha bomba la maji, kitako ni mti uliochongwa, na nguvu ya kupiga kiwashio ilitoka kwenye mpira wa tyubu. Risasi ilikuwa moja, na mara nyingine ililipuka mkononi mwa mwenyewe. Kile chuma cha kugonga risasi kilikuwa komeo la kawaida, lililong'olewa kwenye mlango wa mtu.