Hifadhi ya Mbega Iliyochorwa Juu ya Mashamba

Ukitoka Garsen kuelekea Hola, upande wa Mto Tana utaona msitu mwembamba wa miti mirefu katikati ya nyika kavu. Humo wanaishi mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, wanyama wasiopatikana porini kwingine kokote duniani. Mjerumani Wilhelm Peters ndiye aliyewaingiza wote wawili katika vitabu vya sayansi, mwaka 1879. Wapokomo, wakulima wa kando ya mto, hawakumngoja Peters ili wawajue; walikuwa wakiwafukuza mashambani tangu zamani.

Katika miaka ya 1970 mtafiti Clive Marsh aliishi msituni akiwachunguza mbega, akapendekeza walindwe. Mwaka 1976 ikatangazwa hifadhi ya takriban kilomita za mraba 170, mikononi mwa baraza la kaunti la wakati huo. Watalii wangekuja, na baraza lingepata mapato. Watalii hao hawakuonekana kwa wingi: barabara ilikuwa mbovu, na miaka ya 1990 majambazi waliitia hofu njia nzima ya Garsen.

Shida kubwa zaidi ilikuwa kwamba mipaka ilipita juu ya vijiji. Mpokomo hulima ukingoni, pale mafuriko yanapoacha tope, apate ndizi, maembe na mpunga. Mtumbwi wake unatoka msituni. Makuti ya mkindu ni mkeka na paa lake. Tunda la mkindu huohuo ni chakula kikuu cha mangabei. Waorma na Wardei nao wana malka, njia za kushusha mifugo mtoni. Kuwaambia watu hawa kwamba wameingia hifadhini ilikuwa kejeli, maana hifadhi ndiyo iliyowaingilia.

Mwaka 1996 ulianza mradi wa uhifadhi uliotengewa dola milioni 6.2 na Mfuko wa Mazingira Duniani kupitia Benki ya Dunia. Sehemu ya mpango ilikuwa kuwahamisha wakazi kwa hiari yao. Neno "hiari" lilizua ugomvi mkali, na mradi ukafungwa mwaka 2001 kabla ya kukamilika. Baadhi ya familia zilihamishiwa upande wa Kipini baadaye, lakini nyingine ziligoma, zikaenda mahakamani. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ilikubaliana na wakazi: hifadhi haikuwa imeundwa kwa kufuata sheria. Miaka 31 ya vibao na askari ilikosa msingi.

Wengi walitarajia msitu ungefyekwa kesho yake. Badala yake, upande wa mashariki wa mto wanakijiji walianzisha hifadhi yao ya jamii, Ndera, wenye ardhi wakiwa ndio walinzi. Naona hilo lilistahili kufanywa mwaka 1976.

Hata hivyo, kuna jambo lililo nje ya uwezo wa Ndera. Msitu huu huishi kwa mafuriko ya masika na vuli, yanayojaza maji ya chini ya ardhi na kuotesha miche. Tangu bwawa la Masinga lifunguliwe mwaka 1981, likifuatwa na Kiambere mwaka 1988, mabwawa ya juu hupunguza mafuriko hayo ili Nairobi ipate umeme. Sasa kuna mpango wa bwawa jingine kubwa zaidi, High Grand Falls, na wanaolisubiri kwa wasiwasi Tana si mbega peke yao.